Pikapu ya Mkononi: Jinsi Afrika Mashariki Ilivyochagua Gari la Tani Moja

Pikapu ya ukubwa wa kati ina urefu wa takriban mita tano, chesisi ya vyuma viwili virefu vilivyoungwa kwa vyuma vya kukingama, kebini mbele na bodi wazi nyuma. Mzigo wake wa halali ni karibu tani moja, na hivyo ndivyo wauzaji na madereva wa Kenya na Tanzania wanavyoitaja, gari la tani moja, hata pale inapopakiwa tani moja na nusu. Tangu miaka ya 1960 imebeba maziwa, nyanya, saruji, abiria, majeneza na mbuzi wa mahari, na wengi wa waliokuwa nayo hawakuinunua ikiwa mpya. Waliipata mkononi mwa mtu mwingine: mkulima mkubwa, idara ya serikali, kampuni, mradi wa wahisani au, baadaye, mwenye gari wa Japani ambaye hawakuwahi kumwona. Mara chache mnunuzi alichagua kwa kupenda tu. Alitazama ni ipi inayopatikana, spea zake ziko dukani au haziko, fundi anayeijua yuko umbali gani, na kituo cha karibu kinauza mafuta ya namna gani.

Kabla ya magari ya Ufaransa na Japani kushika soko, gari la mashambani lilikuwa Land Rover, lililozinduliwa mwaka 1948 na kusambaa upesi katika makoloni ya Uingereza. Lilipita kila mahali, lakini lilikunywa mafuta mengi, liliendeshwa kwa jasho, na bodi yake fupi haikutosha mzigo wa biashara. Land Rover za serikali zilipochoka ziliuzwa kwa mnada, na wafanyabiashara wa mikoani wakazinunua kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Mwenye duka wa Iringa au Nyeri aliyetaka kufuata magunia ya sukari mjini alihitaji kitu kingine: gari linalokwenda kasi kwenye barabara ya vumbi, lenye bodi ndefu, na linalovumilia mashimo.

Gari hilo lilikuwa Peugeot 404. Saluni yake ilitoka mwaka 1960 na pikapu ikafuata baadaye katika muongo huohuo. Sifa yake haikujengwa na matangazo ya magazeti bali na mashindano ya Safari Rally, yaliyopita kila Pasaka katika barabara zilezile za udongo ambazo wanunuzi walizitumia mwaka mzima. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Watu waliosimama kando ya njia waliona kwa macho yao ni magari gani yaliyofika na yapi yaliyobaki matopeni. Kwa mnunuzi asiye na jarida la magari wala mtaalamu wa kumuuliza, hilo lilikuwa jaribio la wazi kuliko yote, na halikuwa la kupotosha: saluni na pikapu zilikuwa na injini za ukoo mmoja, na dereva wa pikapu ya duka alipita kwenye makorongo yaleyale.

Pikapu ya 404 ilikuwa na gia kwenye shina la usukani, kwa hiyo kiti cha mbele kilibaki wazi kwa watu watatu. Nyuma ilifungwa vyuma vya upinde na kutandikwa turubai. Nchini Kenya bodi hiyo iliwekewa mabenchi mawili ya mbao yaliyoelekeana, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, 404 iliyotumika ikawa mtaji. Mtu alinunua pikapu ambayo shamba au kampuni imeichoka, akaipeleka kwa seremala na fundi wa bati, na wiki iliyofuata ikawa inabeba watu kumi na zaidi kutoka vijijini kwenda mjini, konda akining'inia mlangoni. Bei ya gari la mkononi ilianza kupangwa kwa hesabu mpya: si limetembea kiasi gani, bali litarudisha fedha ndani ya muda gani.

Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vitatu vya kuunganisha magari: kile cha Leyland mjini Thika, cha General Motors jijini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Magari yaliletwa vipandevipande na kuunganishwa, na baadhi ya vifaa kama betri, springi, vioo na matairi vilitengenezwa nchini. Matokeo yake kwa soko la magari yaliyotumika yalikuwa makubwa kuliko yale ya viwanda vyenyewe. Pikapu iliyounganishwa nchini ilikuwa na spea za uhakika, na mafundi wa Kirinyaga Road, iliyokuwa ikijulikana kwa jina la Grogan, waliijua kwa kuishika. Ndiyo maana Peugeot 404 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi mwaka 1991, miaka mingi baada ya Ufaransa kuiacha, huku mdogo wake, pikapu ya 504 iliyotoka mwaka 1979 ikiwa na chaguo la dizeli ya lita 2.3, akiuzwa pembeni yake.

Wajapani waliingia kwa upande wa chini. Datsun 1200 ya miaka ya 1970 ilikuwa pikapu ndogo ya nusu tani, nyepesi, rahisi kutengeneza na yenye kubana mafuta. Toyota Hilux ilitoka Machi 1968, ikitengenezwa na kampuni ya Hino, na mwanzoni haikuwa na lolote la kutisha: injini ya petroli ya lita 1.5 na bodi ya wastani. Mambo mawili yaliibadilisha mwishoni mwa miaka ya 1970, nayo ni injini ya dizeli na uwezo wa kusukuma magurudumu manne. Kabla ya hapo, aliyetaka kubeba tani moja kwa gharama ndogo na aliyetaka kupita matope ya masika walikuwa wanunuzi wawili tofauti, mmoja wa Peugeot na mwingine wa Land Rover. Hilux ya dizeli yenye fo wili iliwaunganisha. Isuzu nayo, kupitia kiwanda cha General Motors kilichoanza kazi Nairobi mwaka 1977, ilijikita kwa wakulima na kampuni za Kenya kiasi kwamba pikapu zake za TFR zilizotumika zilipatikana karibu kila mji wa soko.

Tanzania ilipita njia nyingine. Uagizaji na uuzaji wa magari uliwekwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation, na mtu binafsi aliomba kibali na kusubiri. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani viliimalizia nchi fedha za kigeni, na gari lililokosa spea liliwekwa juu ya mawe likachunwa kifaa kimoja kimoja ili lingine litembee. Katika hali hiyo swali la kuchagua pikapu ipi halikuwepo. Pikapu iliyotumika ilikuwa mali ya kurithishana, na bei yake iliweza kupanda mwaka hadi mwaka licha ya uchakavu, jambo ambalo mnunuzi wa leo akisimuliwa huona ni vigumu kuamini.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya Juni 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuhojiwa amezipata wapi, na miongoni mwa vitu vilivyoanza kushuka bandarini kwa wingi ni pikapu, kwa sababu ilikuwa bidhaa inayoanza kuingiza fedha siku ileile inapotoka getini. Mwaka mmoja kabla yake usafiri wa binafsi ulikuwa umeruhusiwa Dar es Salaam kusaidia mabasi ya shirika la usafiri la UDA yaliyozidiwa. Pikapu na malori madogo yaliyofungwa mabenchi ya kutazamana, ambayo wakazi wa jiji waliyaita chai maharage, yalibeba wafanyakazi kutoka pembezoni mwa jiji kwenda katikati. Wafanyabiashara wenye ndugu Uarabuni walikuwa mbele katika biashara hii. Dubai ilikuwa ghala la kila kitu, pamoja na magari ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani na kupita hapo kwenda Afrika, na Zanzibar, iliyotoza ushuru mdogo kuliko bara, ikawa kituo cha katikati.

Soko lenyewe lilizaliwa miaka ya 1990. Kenya ilifuta leseni za kuagiza bidhaa mwaka 1993. Tanzania ilipitisha sheria mpya ya fedha za kigeni mwaka 1992 na maduka ya kubadilisha fedha yakafunguliwa. Kwa mara ya kwanza mwalimu, mkulima wa kahawa au mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliweza kusimama kwenye yadi mbele ya pikapu tano za kampuni tofauti na kuulizwa anataka ipi. Viwanda vya Kenya viliumia vibaya kwa sababu hiyo.

Wingi huo wa pikapu zilizotumika ulitokana na sheria za Japani. Ukaguzi wa lazima wa magari nchini humo ni wa gharama, na pikapu za mizigo hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya kwanza, wakati gari dogo la familia huanza na miaka mitatu kisha kila miwili. Mwenye pikapu ya miaka saba aliona heri aiuze. Kisha vikaja vita dhidi ya moshi wa dizeli. Sheria ya mwaka 1992 ilibana magari ya dizeli katika maeneo ya Tokyo na Osaka, ikaongezewa makali mwaka 2001, na kuanzia Oktoba 2003 jiji la Tokyo na mikoa mitatu jirani yake ikazuia dizeli za zamani zisizokidhi viwango vya masizi. Magari mazima kabisa, yenye bodi safi na injini zisizo na tatizo, yakashindwa kusajiliwa katika maeneo hayo. Mkulima wa nyanya wa Ilula aliyenunua Hilux ya dizeli mwaka 2001 kwa bei aliyoimudu alikuwa ananufaika na uamuzi wa wabunge wa Tokyo waliokuwa wakifikiria mapafu ya watu wao.

Miaka hiyo ndiyo iliyotengeneza maarifa ambayo bado yanatawala soko, na maarifa hayo yalihusu injini zaidi ya jina la gari. Hilux iliyotoka mwaka 1988 ilikuja na dizeli ya 2L ya lita 2.4 au ya 3L ya lita 2.8, ile ya 1997 ikaongeza 5L ya lita 3.0. Kwa macho ya mgeni zilifanana, lakini fundi hakuzihesabu kuwa sawa. 2L, hasa ile iliyofungwa turbo, ilisifika kwa kupasuka silinda hedi inapochemka, na pikapu iliyobeba vitunguu vya Mang'ola kupanda kingo za Bonde la Ufa huchemka mara nyingi. 3L na 5L zilikuwa nzito, zenye kelele, zisizo na haraka, na zilisamehe karibu kila kosa. Pampu zake za mafuta zilikuwa za kimakanika, na fundi mwenye spana na subira aliweza kuzifufua chini ya mwembe. Isuzu ilijibu kwa 4JA1 ya lita 2.5, iliyobana mafuta kuliko zote hizo, na Nissan kwa TD27, yenye nguvu ya kuvuta tangu mzunguko wa chini. Mitsubishi L200 na Mazda zilikuwa na wapenzi wao pia, lakini nje ya miji mikubwa spea zake zilihitaji safari. Kwa sababu hiyo pikapu mbili za umri mmoja na hali moja zingeweza kupishana bei sana. Tofauti hiyo ilikuwa ni bei ya maduka ya spea ya Gerezani jijini Dar es Salaam na ya Kirinyaga Road, yaani uhakika kwamba gasketi itapatikana leo.

Ukaguzi wa pikapu ya mkononi ulikuwa na taratibu zake, na fundi aliyeambatana na mnunuzi alilipwa kwa ajili hiyo. Injini ilitakiwa iwe baridi. Muuzaji aliyeiwasha mapema kabla ya wageni kufika alitiliwa shaka. Rejeta ilifunguliwa kwanza kuona kama kuna mafuta yanayoelea juu ya maji, kisha gari likawashwa na maji yakatazamwa tena, kwani viputo vinavyotoka mfululizo ni dalili ya gasketi iliyoungua au hedi yenye ufa. Kifuniko cha oili kilifunguliwa injini ikiunguruma, na kama moshi ulipuliza kwa nguvu pale, ringi zimekwisha na ovahoo iko njiani. Baada ya hapo fundi alilala chini ya gari. Chesisi ya pikapu iliyozidishiwa mzigo huchanika nyuma ya kebini, pale bodi inapoanza, au juu ya ekseli ya nyuma, na kwa kawaida muuzaji huziba ufa kwa kulehemu na kupaka rangi nyeusi. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ilikuwa kosa tayari. Springi zilihesabiwa: vyuma vilivyoongezwa vilieleza kwamba gari lilikuwa la tani mbili, si moja. Mwisho fo wili iliingizwa kwenye udongo, maana wenye pikapu wengi hupitisha miaka bila kuigusa, ikaganda. Namba ya chesisi ililinganishwa na kadi au logibuku kwa kidole, tarakimu moja baada ya nyingine. Kilomita za kwenye dashibodi hazikupewa uzito, kwa kuwa kila mtu alijua jinsi zinavyorudishwa nyuma. Fundi alitazama pedeli ya klachi, mpira wake umelika kiasi gani, na ukingo wa kiti cha dereva.

Chanzo kilichoaminiwa kuliko yadi kilikuwa mnada wa magari ya miradi. Nchini Tanzania pikapu za miradi ya wahisani zilibeba namba za DFP, na za mashirika ya umma SU. Ziliingia bila ushuru, zikahudumiwa kwa ratiba na kuandikiwa daftari, na mradi ulipokwisha ziliuzwa, mnunuzi akilipa kodi iliyokuwa imesamehewa. Zilikuwa na kilomita nyingi kuliko gari la Japani la umri uleule, tena kilomita za barabara mbaya, lakini historia yake ilijulikana, na tangu mwanzo zilitengenezwa kwa ajili ya nchi za joto na vumbi. Kwa magari ya kawaida, mnunuzi alijifunza kusoma herufi za namba. Mtanzania husema gari ni namba C au namba D, na Mkenya hutaja KBA au KCA, akimaanisha muda ambao gari limekaa kwenye barabara za nyumbani. Herufi hiyo imekuwa na uzito katika bei kuliko mwaka wa kutengenezwa, na kwa haki: mwaka mmoja wa kubeba mawe ya kokoto unalichosha gari kuliko miaka mitano ya lami ya Japani.

Pikapu zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilileta mgogoro mpya. Dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja lile la hewa, kupitia nozeli zenye matundu membamba sana, zikiongozwa na kompyuta. Zina nguvu zaidi na hutumia mafuta kidogo. Wakati huohuo mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, na wauzaji wasio waaminifu waliyachanganya. Injini ya 5L ilikunywa mchanganyiko huo, ikatoa moshi na kuendelea. Nozeli za Hilux mpya ziliharibika, na seti yake iligharimu sehemu kubwa ya thamani ya gari. Uchakachuaji ukawa neno la kila siku Tanzania, na Septemba 2010 mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta. Mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ife. Kenya ilichukua hatua ya namna hiyo mwaka 2018. Katikati ya hatua hizo, Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni vigumu kutaja badiliko jingine lililosaidia injini mpya kuaminika kama hilo, ingawa halikutangazwa na muuzaji yeyote wa magari. Kabla yake, mnunuzi wa mikoani aliyeshikilia injini ya zamani alikuwa na hoja ya kiufundi, na waliomwona mshamba walikosea.

Mwaka 2004 Toyota ilihamishia Hilux Thailand, ikatoa kizazi kilichojulikana kama Vigo chenye injini za lita 2.5 na 3.0, na ikaacha kuiuza Japani. Nissan ilikuwa imeacha kuuza pikapu yake huko mwaka 2002. Kisima kilichonywesha Afrika Mashariki kwa miaka kumi kikaanza kukauka: pikapu za Japani ziliendelea kuja, lakini kila mwaka zilikuwa kuukuu zaidi. Waagizaji waligeukia Thailand, ambako magari huendeshwa upande wa kushoto na pikapu ya tani moja ndiyo gari la wananchi, na Uingereza, ambako kanuni za kodi ziliihesabu dabo kebini yenye uwezo wa tani moja kuwa gari la biashara, jambo lililowafanya mafundi ujenzi na wenye kampuni ndogo kuinunua kwa wingi na baadaye kuiuza. Kila chanzo kilikuja na kasoro yake. Gari la Uingereza lilikuwa limepita miaka ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, na kutu yake huanzia ndani ya chesisi, mahali ambapo jicho halifiki; nyundo ndogo ya fundi ikapata kazi mpya. Gari la Thailand halikuwa na kutu, lakini mara nyingi lilikuwa limefanya kazi ngumu.

Dabo kebini ilibadilisha hata sura ya mnunuzi. Bodi ya singo kebini ina urefu wa kama mita 2.3, ya dabo kebini ni mita moja na nusu hivi. Anayeichagua anabadilisha karibu theluthi ya nafasi ya mzigo kwa kiti cha pili. Miaka ya 1990 waliofanya hivyo walikuwa miradi na idara za serikali. Baada ya 2005 walikuwa wenye familia, wakandarasi na wanasiasa, watu wanaotaka gari moja la shamba, kazini na harusini. Bei zao zilivuta soko zima juu, na mkulima aliyehitaji bodi tu akajikuta akishindana na mtu anayetafuta heshima.

Serikali nazo zilianza kuamua umri. Kenya, kwa kiwango cha KS 1515, hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na linapaswa kuwa na usukani wa kulia. Uganda ilipiga marufuku magari ya miaka 15 na zaidi kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania haikuzuia, bali hutoza kodi ya ziada kwa uchakavu. Hivyo pikapu moja ya mwaka 2008 iliyokaa bandari ya Japani mwaka 2017 ilikuwa haramu Mombasa, halali Kampala na ghali Dar es Salaam. Upande wa magharibi hali ilikuwa ya namna yake: Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini Bujumbura, Bukavu na Goma zina pikapu nyingi zenye usukani wa kulia, kwa sababu njia ya mzigo inapita Dar es Salaam au Mombasa. Dereva wa Bukavu anayetaka kulipita lori hutegemea jicho la abiria wake, na bado hununua gari hilo, maana la usukani wa kushoto litamgharimu zaidi na spea zake zitakuwa mbali.

Kanuni ya miaka minane iligongana na historia ya Japani kwa namna ambayo wanunuzi wengi wa Kenya hawakuelezwa. Hilux ilirudi kuuzwa Japani Septemba 2017, ikiagizwa kutoka Thailand, na iliyouzwa huko ni ya aina moja tu: dabo kebini, dizeli ya lita 2.4, gia za kujibadilisha, fo wili, pamoja na mfumo wa kuchuja masizi na tangi la urea la kusafisha moshi. Kwa hiyo anayeagiza Hilux iliyotumika kutoka Japani kihalali hupata gari hilo hilo, apende asipende, na lazima ahesabu gharama ya kichujio na urea. Anayetaka singo kebini ya gia za mkono kwa kazi ya mzigo hutazama Thailand, au hurudi kwenye magari yaliyouzwa mapya nchini na kutolewa na makampuni na benki kwa mnada baada ya miaka michache. Kiwanda cha Nairobi, ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa baada ya General Motors kuuza hisa zake, hulisha soko hilo kwa D-Max, na Ford Ranger imejipatia sehemu yake pia.

Upande wa chini wa soko, kazi nyingi za pikapu zimechukuliwa na magari mengine. Jijini Dar es Salaam na katika miji ya mikoani mzigo wa nusu tani sasa unabebwa na kirikuu, yaani kilori kidogo, au pikipiki ya magurudumu matatu. Kenya, Toyota Probox hubeba mizigo na watu vijijini walikokuwa wakipanda Peugeot. Na aliye na tani mbili au tatu huita kenta. Pikapu ya tani moja imebaki na safari zinazohitaji mzigo, mwendo na barabara mbaya kwa pamoja, kama zile za miraa kutoka Maua kwenda Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, ambako majani yanapaswa kufika kabla hayajanyauka na ndege haisubiri. Huko na kwenye mashamba ya mbali, Hilux ya 5L yenye zaidi ya miaka 20 bado ina wanunuzi, na iliyotunzwa vizuri haikai sokoni muda mrefu.